Kenda si Mgeni: Neno Moja kutoka Pwani hata Kianyaga

Mwite mtoto yeyote wa Mombasa, wa Lamu au wa Unguja, umwambie akuhesabie moja hata kumi. Atakuhesabia mbio mbio bila ya kukwama, wala hatajua kuwa njiani amepita katika nyumba za watu wawili mbali mbali. Moja, mbili, tatu, nne na tano ni maneno ya Kibantu. Sita na saba ni ya Kiarabu. Nane ni ya Kibantu tena. Tisa ni ya Kiarabu. Na kumi ni ya Kibantu.

Basi mwenye kufikiri atauliza: kabla ya hao wageni watatu, sita na saba na tisa, wenyeji wa nyumba walikuwa nani? Je, mababu zetu walikuwa wakifika tano wakanyamaza, wakaruka hadi nane? Hasha. Wenyeji walikuwako, na majina yao yanajulikana: mtandatu, mfungate na kenda.

Mtandatu amekufa, hatajwi tena ila na wenye kuchimba maneno. Mfungate amebakia upande mmoja tu, naye yuko arusini: tunapowaambia bwana na bibi kuwa wamo katika fungate, twazitaja zile siku saba za mwanzo wa ndoa, ingawa wengi hawajui kuwa wanahesabu. Kenda ndiye aliyesalia na roho yake. Yumo katika kamusi, yumo katika vinywa vya wazee, na washairi humwita wanapotaka kina cha "-nda" ambacho tisa hawezi kukitoa. Tena jina lake limeandikwa katika ardhi yenyewe ya pwani, kwa kuwa ndugu zetu Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakauma, Wakambe, Wachonyi na Wajibana huitwa kwa pamoja Mijikenda, yaani miji kenda. Jina hilo lilianza kutumika miaka ya 1940 mahali pa lile la Wanyika ambalo wenyewe hawakulipenda. Na misitu ya makaya yao imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008.

Leo nataka tulizungumze neno hili moja, kenda, kwa sababu limezingirwa na makosa mawili. La kwanza ni la wale wasemao kuwa Kiswahili hakina asili, ati hata nambari zake kimeazima kwa Waarabu. La pili ni la vijana wetu wenyewe. Mmoja wao alinisikia nikisema "watu kenda", akacheka, akaniambia, "Mzee, hilo si neno letu. Hilo ni Kikikuyu." Wa kwanza anatunyang'anya mali yetu, wa pili anaitoa bure. Na jawabu la wote wawili nililikuta mahali ambapo Mswahili hangetazamia kulikuta.

SOKONI KIANYAGA

Kianyaga ni mji mdogo wa Kirinyaga, katika sehemu ya Gichugu, kusini mwa Mlima Kenya. Kutoka Mombasa ni safari ya kiasi cha kilomita 600: unapita Nairobi, unakata tambarare za mpunga za Mwea, kisha barabara yaanza kupanda, na baridi yakupokea pamoja na mashamba ya kahawa, na juu zaidi ya majani ya chai. Asubuhi mbingu zikiwa safi mlima hutokea wote, na kileleni kile cheupe ambacho mtu wa pwani hukitazama mara mbili kabla ya kukiamini.

Nilikwenda huko kwa shughuli za ukwe, na siku ya soko nikasimama mbele ya mama mmoja aliyekuwa akiuza maparachichi. Mnunuzi alitaka kumi. Yule mama akayaokota moja moja na kuyatia kikapuni, na kwa kila moja akataja jina lake: ĩmwe, igĩrĩ, ithatũ, inya, ithano, ithathatũ, mũgwanja, inyanya, kenda, ikũmi.

Nikamwomba arudie. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la mkono wake, kisha akarudia. Kenda. Si chenye kufanana na kenda, wala si ndugu wa mbali wa kenda, bali kenda yenyewe kama alivyokuwa akiitamka marehemu bibi yangu. Nilipomwambia kuwa kwetu baharini wazee nasi husema kenda, alistaajabu, akasema kuwa yeye alidhani Waswahili husema tisa. Nikamwambia kuwa kweli twasema tisa, lakini tisa tulimkaribisha. Kenda tulizaliwa naye.

Sasa yule kijana wangu atasema: "Basi, si nilisema? Ni Kikikuyu." Pole pole. Mkamba naye husema kenda. Msukuma wa Tanzania, aliye mbali na Mlima Kenya kama mbingu na ardhi, naye husema kenda. Mnyarwanda husema icyenda, na Mganda husema mwenda. Mgiriama na Mdigo husema chenda. Mngazija huko visiwani kwake husema shenda. Je, hawa wote walikwenda kuazima Kianyaga?

Na tusikilize vizuri sauti hizo, kwani hazikubadilika ovyo. Mdigo, lugha tuiitayo Kidigo yeye huiita Chidigo. Kwa hiyo kenda yetu kwake lazima iwe chenda. Mngazija huiita lugha yake Shingazija. Basi kwake itakuwa shenda. Palipo na "ki" kwetu pana "chi" kwa huyu na "shi" kwa yule, na kenda imefuata mkondo ule ule. Hivyo ndivyo wanazuoni wa lugha wanavyopima udugu wa maneno. Hawatazami kufanana peke yake, kwa kuwa mambo hufanana kwa bahati. Hutazama kama tofauti zenyewe zina kanuni. Maneno yanayotofautiana kwa kanuni ni watoto wa mama mmoja.

Ndiyo maana tusikubali pia wale wanaosema kenda imetokana na "kwenda". Katika ushairi twasema "kenda" kwa maana ya "nikaenda" au "akaenda", na sauti ni moja. Lakini huo ni mkutano wa njiani, si undugu.

NNE MARA MBILI

Kianyaga kumenifundisha jambo jingine, nalo ni la sarufi. Mkikuyu akihesabu watu husema: andũ atatũ, watu watatu, andũ ana, watu wanne, andũ atano, watu watano, andũ atandatũ, watu sita. Atandatũ! Huyo ni mtandatu wetu tuliyemzika, kumbe yu hai mlimani, anakula na kunywa. Na watu wanane ni andũ anana.

Tega sikio hapo: ana, anana. Nne ni "-na", nane ni "-nana". Nane si neno jipya. Ni nne iliyotajwa mara mbili. Kwetu sauti zimekwaruzika kwa matumizi, nne na nane hazionyeshi ujamaa wao waziwazi, lakini huko juu mtu yeyote anausikia. Na tandatu wataalamu huiona kwa njia hiyo hiyo kuwa ni tatu juu ya tatu. Ama fungate, wengi huifasiri kuwa ni kufunga vidole vitatu: mtu anyoshe mikono miwili, akunje vitatu, vitakavyobaki ni saba. Wazulu wa Afrika Kusini bado wanazo nambari za vidole zisizofichika: nane kwao ni kuacha viwili, na tisa, shiyagalolunye, ni kuacha kimoja.

Sasa tazama jambo ambalo kila Mswahili hulifanya kila siku bila ya kulijua. Twasema watu wawili, watatu, wanne, watano. Kisha twasema watu sita, watu saba. Ile "wa" imetoweka. Halafu twasema watu wanane, "wa" imerudi. Kisha watu tisa, watu kumi, imeondoka tena. Mwanafunzi wa kigeni hulia kwa mchezo huu. Lakini si mchezo. Nane ni mwenyeji, naye huvaa nguo ya jina analolifuata, kama ndugu zake wa kwanza watano. Sita, saba na tisa ni wageni, wamekuja na kanzu zao na hawazibadilishi. Kumi ni mwenyeji asiyebadilika, na kenda vile vile: watu kenda, watu kumi, kama Kikuyu asemavyo andũ kenda, andũ ikũmi. Kwa hiyo hata mtu akichoma kamusi zote, sarufi yetu yenyewe ingetoa ushahidi ni nani aliyezaliwa nyumbani na ni nani aliyepokewa.

WARUMI NA TISA YAO

Msomaji asidhani kuwa haya ni mambo yetu peke yetu. Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, ilikuwa na neno novem kwa tisa na octo kwa nane. Wanazuoni wa lugha za jamaa ya Kilatini, ambazo ni pamoja na Kiajemi, Kihindi na Kijerumani, waliitazama octo wakaona mwisho wake unafanana na umbo la kale la uwili. Waliosoma nahau ya Kiarabu hawahitaji kuelezwa uwili ni nini: ndiyo muthanna, kama mtu mmoja na watu wawili. Basi uwili wa nini? Wengi wao hukisia kuwa ni uwili wa nne, pengine vile vidole vinne vya mkono bila ya gumba. Nne mara mbili! Ni hesabu ile ile ya Kianyaga, nayo imefanywa na watu ambao hawakupata kuuona Mlima Kenya wala kusikia habari zake.

Na ikiwa nane ni ukingo, kwa kuwa vidole vinne vya kila mkono vimekwisha, basi inayofuata inaanza jambo jipya. Hapo ndipo walipoona kuwa novem, tisa, inakaribiana sana na novus, yaani -pya. Mfaransa hadi leo hutamka tisa na -pya kwa neno moja, neuf. Mjerumani husema neun na neu. Muhindi husema nau kwa tisa na naya kwa -pya. Mwajemi husema noh, na kipya kwake ni now. Na hiyo now ya Mwajemi sisi watu wa pwani tunayo majumbani mwetu: ndiyo mwanzo wa neno Nairuzi, siku mpya, mwaka wetu wa jua ambao Makunduchi huuoga hadi leo. Wako wanaoikubali fasiri hii ya novem, na wako wanaosema ni mkutano wa njiani kama ule wa kenda na nikaenda. Ila kwa upande wa nane ushahidi una nguvu zaidi, na nane ndiyo iliyo sawa na yetu.

MFUNGUO KENDA

Novem imeacha nyayo zake hata katika kalenda iliyotundikwa ukutani kwako. Novemba maana yake ni mwezi wa tisa. Lakini ni wa kumi na moja! Sababu ni kwamba mwaka wa kale wa Warumi ulianzia Machi na ulikuwa na miezi kumi. Baadaye Januari na Februari zikaongezwa, mwanzo wa mwaka ukasogea, na majina yakabaki palepale. Kwa hiyo dunia nzima kila mwaka huita wa kumi na moja kuwa wa tisa, na hakuna anayeshtuka. Mswahili na Mkikuyu walilipita kosa hilo kwa kusema mwezi wa kumi na moja. Mzee wa Kianyaga husema mweri wa ikũmi na ũmwe, na hesabu yake ni sahihi.

Warumi hao waliipa baadhi ya miezi yao majina na mingine wakaiita kwa nambari tu. Sisi nasi tulifanya hivyo. Wazee wa pwani walipomaliza Ramadhani walianza kuhesabu: mfunguo mosi ndiyo Shawali, mfunguo pili, mfunguo tatu ndiyo mwezi wa Hija, na kuendelea hivyo mpaka mfunguo kenda, ambao ni Jumada ya pili. Kisha nambari zinakoma, na yanaingia majina matatu yenye heshima yao: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Miezi kenda ya kuhesabu na mitatu ya kungojea. Ni hesabu iliyopangwa na watu waliofunga, waliofuata mwezi kwa macho, na ambao waliposema kenda hawakuwa na haja ya kuuliza kama neno hilo ni la nani.

Kuna na saa. Mrumi alianza kuhesabu saa za mchana tangu kuchomoza kwa jua, kama sisi tufanyavyo. Saa yake ya tisa, hora nona, ilikuwa ni saa tisa yetu, wakati wa kukaribia alasiri. Wakristo wa Ulaya waliokuwa na sala ya saa hiyo waliisogeza mbele kidogo kidogo, na jina likasogea pamoja nayo, hata Waingereza leo wakisema "noon" hukusudia saa sita za adhuhuri. Neno la tisa limekuwa saa sita! Lakini Mswahili wa Mombasa na mkulima wa Kianyaga, wote wawili, bado wanahesabu tangu asubuhi, na saa tisa kwao ni saa ya tisa hasa.

TISA ILIINGIA MLANGO UPI

Ikiwa tulikuwa na kenda, tisa ilitufalia nini? Kuazima si aibu, lakini hakukosi sababu. Na mimi naona milango miwili.

Mlango wa kwanza ni bahari. Mfanyabiashara aliyepokea mali ya jahazi, akapima kwa pishi na kulipwa kwa riale, alihitaji hesabu ambayo wa Maskati, wa Mukalla na wa Mombasa wangeielewa pamoja. Ndipo tukapata ishirini, thelathini, arubaini mpaka tisini, na mia na elfu. Kabla ya hapo tulihesabu kwa miongo, kama vile Mkikuyu asemavyo mĩrongo ĩĩrĩ kwa ishirini na mĩrongo kenda kwa tisini. Sisi ile "r" imetuanguka, tukabaki na mwongo na miongo. Manahodha wetu waliigawa siku za Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, na leo mwongo ni miaka kumi. Hata ushuru, unaotozwa bandarini na kunung'unikiwa na kila mtu, kwa asili ni neno la Kiarabu la sehemu ya kumi.

Mlango wa pili ni chuoni na kwa kadhi. Mafungu ya mirathi yaliyotajwa katika Sura ya An-Nisaa ni nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mtu hawezi kugawa urithi kwa kukisia. Mjane na yatima wanategemea kila sehemu. Maneno hayo yalibidi yatamkwe kama yalivyo, na yalipozoeleka yakatoka msikitini yakaenda sokoni. Thumuni, fungu la nane la riale, ikawa jina la senti hamsini ambalo Kenya nzima ililitumia, na wengi waliolitumia hawakujua kuwa ni neno la mjane mwenye watoto.

Na kuna mas'ala moja mashuhuri ambayo ndani yake tisa yenyewe inaonekana. Mtu amekufa, ameacha mke, binti wawili, baba na mama. Mali igawanywe mafungu 24: mke thumuni yake ni 3, mabinti thuluthi mbili ni 16, baba sudusi ni 4, mama sudusi ni 4. Jumlisha: 27. Mafungu yamezidi mali! Wanafiqhi wa Kisunni huitatua kwa auli, yaani mali hugawanywa kwa 27 badala ya 24, na kila mmoja akapungukiwa kwa kiasi chake. Mke anachukua 3 katika 27, nayo ni moja katika tisa. Husimuliwa kuwa Imam Ali aliulizwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo, bila ya kushuka, kwamba thumuni ya mke imegeuka kuwa tusui. Na kwa hiyo mas'ala hiyo huitwa ya mimbari. Tusui ni fungu la tisa. Mtoto aliyefundishwa haya hawezi kusahau tisa, kwa sababu tisa hapa ni chakula cha mjane.

Basi tuwajibu wale wa kosa la kwanza. Kuazima nambari hakubadilishi ukoo wa lugha. Wajapani wana nambari zao za asili, na pamoja nazo wanatumia kila siku nambari zilizotoka Uchina, na hakuna mtu mwenye akili asemaye kuwa Kijapani ni Kichina. Hata Kianyaga, ambako hakuna jahazi, Alhamisi huitwa Aramithi, na ndani ya Aramithi mna khamsa ya Kiarabu. Sisi tuliwapa wao, kama tulivyopewa. Tena juma letu lina tano mbili zilizofuatana: Jumatano, tano yetu tukihesabu tangu Jumamosi, na Alhamisi, tano ya Waarabu wanaohesabu tangu Jumapili. Zimekaa jirani bila ya ugomvi. Kwa nini kenda na tisa zisikae?

KENDA ILIYOJAA

Wakikuyu husimulia kuwa Gĩkũyũ na Mũmbi, wazazi wa kabila lao, walipewa makao Mũkũrwe wa Nyagathanga, huko Murang'a, wakazaa mabinti, na kutokana na mabinti hao zikapatikana koo. Ukiuliza ni wangapi utaambiwa: kenda mũiyũru, yaani kenda iliyojaa. Ukizihesabu koo utaona kuwa ziko kumi. Lakini hawasemi kumi. Kuhesabu watu au mifugo hata ukomo kulichukiwa, kwani waliogopa kuwa hesabu iliyotimia huita msiba. Kwa hiyo husimama kwenye kenda na kuijaza mpaka pomoni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliyefariki mwaka 2025 alitunga utenzi kwa Kikikuyu kwa jina hilo hilo, Kenda Mũiyũru, uliochapishwa mwaka 2018. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiingereza iliingia mwaka 2021 katika orodha ya awali ya tuzo ya kimataifa ya Booker, na kilikuwa kitabu cha kwanza cha lugha ya asili ya Kiafrika kufika hapo. Neno la soko la Kianyaga limesomwa London.

Kuikaribia kumi na kusimama kabla yake si jambo geni kwa mwenye kusoma. Majina mazuri ya Mwenyezi Mungu ni tisini na tisa, na hadithi iliyoyataja inaongeza kuwa ni mia kasoro moja. Watu wa Pangoni, katika Sura ya Al-Kahf, walikaa miaka mia tatu na wakazidisha tisa. Wafasiri wengi husema kuwa mia tatu za jua ni mia tatu na tisa za mwezi, na anayependa hesabu achukue kalamu, atayakuta hivyo. Na Mrumi alipotaka kusema kumi na tisa alisema undeviginti, moja kutoka ishirini. Binadamu wa kila upande amesimama mbele ya mlango wa kumi akatua kidogo kabla ya kuingia.

Neno tisa nalipenda, na silitaki liondoke. Limekuja kwa heshima, limekaa karne nyingi, limezaa misemo. Lakini mgeni mwema haombi mwenye nyumba atolewe nje. Johann Ludwig Krapf aliyekaa Mombasa na Rabai, na ambaye mwaka 1849 aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani, aliiandika kenda katika kamusi yake ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1882. Leo mwalimu darasani akiikuta kwenye shairi humwambia mtoto ni neno la kale, wafululize. Si neno la kale. Watu milioni kadhaa wamelitumia asubuhi hii kununulia maparachichi.

Basi wazazi, tuwafundishe watoto kuhesabu kwa njia zote mbili. Wawekeeni tisa, na wawekeeni kenda, na mkiwaoza waambieni fungate ni siku ngapi. Walimu wa madrasa wanaofundisha miezi wasiiache mfunguo kenda. Na mtu wa pwani akipanda gari kwenda mlimani asijione kuwa anakwenda ughaibuni kwa watu asiowajua.

Hayo yote tisa. Kumi ni hili: watu wa lugha mbili wanaweza kugombania ardhi, kura na madaraka, na nchi yetu imeona mengi ya namna hiyo, lakini wakikaa chini kuhesabu vidole vyao, watafika kenda pamoja.